Ngoma Zimefungiwa Stoo

Benchi la gereji ya Spana lilitengenezwa kwa mlango wa nyuma wa lori lililopinduka, na mwenyewe huapa limeshabeba mizigo mingi ya makalio kuliko shehena zote za lori lile. Asubuhi hiyo lilikuwa linalia. Kahawa ya Mama Birika ilikuwa kali, ingeweza kumwamsha marehemu akadai kikombe cha pili. Spana alikuwa ameacha injini ya watu imefumuliwa chini, hana habari nayo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amezifungia ngoma za watoto stoo, kufuli juu, eti ni kelele zisizoleta maksi! Na binti yake Spana ndiye mpigaji wa ngoma kubwa. Saa nne kulikuwa na kikao cha wazazi, na watu wa benchi wote walikuwa na watoto pale.

— Kelele! — Spana akafoka. — Mtoto aliyekuwa anajificha uvunguni mgeni akipiga hodi, leo anafungua mlango mwenyewe na kumwambia mgeni avue viatu. Hiyo ni kelele?

— Tulia, jirani, — akasema Profesa, fundi cherehani aliyepata jina hilo kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa sabuni. — Kisayansi, ubongo una vyumba viwili. Ukipiga ngoma kwa mikono yote, ukuta wa kati unabomoka. Unapata sebule.

— Sebule kichwani?

— Kubwa! Wangu siku hizi anajua nusu, robo na nusu ya robo. Mimi babake nakata suruali kwa kubahatisha.

— Tunajua. Hii uliyonishonea, mguu mmoja umefika, mwingine uko njiani.

Radi, kinyozi mwenye sauti ya kuzima mashine yake mwenyewe, akaruka:

— Mnaongea madogo! Madereva wote wangejifunza ngoma za pamoja, taa za barabarani tungezing'oa. Kila mtu angejua zamu yake!

— Taa tu? — Profesa akamcheka. — Vita vingekwisha! Jeshi linangoja zamu, adui naye anangoja zamu, mpaka wote wanazeeka wanarudi kwa wake zao.

— Halafu huyo mtu anaweka kufuli! Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka!

— Radi, sasa unamtetea mwalimu mkuu.

— Nasema tumpasue yeye!

— Na wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, — Spana akahitimisha. — Kwa hiyo twendeni kama tembo!

— Huko kikaoni nani atasema? — akauliza Mama Birika.

— Mimi! — wakajibu watatu, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

— Haya. Hiyo ngoma yenyewe mnajua inavyopigwa?

Wee! Kumuuliza Spana swali kama hilo! Akavuta dumu la oili. Radi akageuza beseni la kuoshea vipuri. Profesa akabaki na benchi.

— Kubwa ni pigo moja, — Spana akaeleza kwa majivuno, — halafu unangoja wenzako wazunguke, ndipo unarudi. Mwanzoni niliwaka: kwa nini wangu anapewa pigo moja moja kama dawa? Akaniambia, "Baba, nikiharakisha mimi, wote wanaanguka."

Wakaanza. Spana akapiga moja. Akangoja kidogo tu, akaona Radi anamzidi. Hakuna kinyozi wa kumzidi Spana kwenye gereji yake! Akashusha mvua. Profesa naye akapandisha kwa viganja na viwiko. Mbwa wa mtaa akahama na ukoo wake mzima. Benchi likarukaruka, birika likapinduka, kahawa yote ikanywewa na vumbi.

— Shikamooni.

Alikuwa mwalimu wa ngoma, dada mwembamba mwenye vijiti mfukoni, njiani kwenda kikaoni.

— Marahaba, mwanangu! — Spana akahema. — Umesikia? Tunakuja kukutetea!

— Nimesikia tangu kona ile. Aliyekuwa anangoja ni nani?

Radi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Spana. Spana akalitazama dumu, lilikuwa limebonyea.

— Basi huko kikaoni, — akauliza dada, — atangoja nani?

Watatu wakafungua midomo pamoja. Watatu wakaifunga pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza kulifanya kwa mpigo mmoja, tangu benchi lile lilipokuwa mlango wa lori.