Samadi ya Kombo, Minazi ya Ghalib

Benchi la kijiwe chetu hapa Baleni limepinda katikati kwa uzito wa ubishi. Leo baada ya alasiri tulilikalia kwa ajili ya mashine ya kumwaga samadi, iliyoletwa na kikundi cha wakulima. Costantine, dereva wa pawatila inayoikokota, ameegesha kando ya barabara anasubiri neno moja tu, maana kesho mashine inahamia Miburani. Zamu ni ya Kombo. Misimu miwili sasa anang'oa mihogo myembamba kama vidole, na rundo lake la samadi liko tayari shambani. Ila shamba analima Kombo, minazi iliyosimama humo ni ya Ghalib. Wamerithi hivyo kwa baba zao, na hawajawahi kugombana. Mpaka leo.

— Sikatai maendeleo, — alisema Ghalib, ambaye tunamwita Mwinyi Minazi. — Ila hii kitu inarusha. Samadi ikiangukia minazi yangu, si kesho Kombo atadai nazi?

— Nazi zako nizipeleke wapi mie? — alisema Kombo.

— Ngoja zinenepe, utajua pa kuzipeleka.

Hapo Abeid, maarufu Redio Mbao, akaweka kikombe chini.

— Zitanenepa kweli! Huko bara mnazi ulikula samadi ya mashine, nazi moja ikaangukia paa, nyumba ikahama.

— Nyumba ikahama?

— Wenyewe wakahama. Ndo yale yale, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Redio, nazi iko juu. Uvungu umeutoa wapi?

— We hutainama kuiokota?

Costantine akapiga honi.

— Wazee wangu, jua linakwenda.

— Na minazi ikishiba ikarefuka? — Ghalib hakumsikia. — Mkwezi atadai posho ya safari!

— Atapanda na chakula chake, — alisema Redio Mbao. — Atashuka Ijumaa kuswali.

Tulicheka, na Costantine pia. Kombo peke yake hakucheka.

— Basi niivishe magunia isipate kitu, — alisema.

— Na mizizi je? — alidakia Redio. — Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mnazi hauvai nguo!

— Si wewe unataka kuuvisha magunia?

— Bila sharti la nazi mbele ya mashahidi, — Ghalib akakata maneno, — ruhusa sitoi.

Kombo akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma. Mara akatokea mkewe, Sihaba, ndoo mkononi, mkono mwingine umeshika mgongo.

— Asalaam alaykum. Mashine vipi?

— Waalaykumu salaam, shemeji, — alisema Ghalib. — Tunajadili. Samadi itakayoliwa na minazi ni haki ya nani.

Sihaba akaitua ndoo.

— Shemeji Ghalib, misimu mitatu nyuma samadi nilimwaga mimi, kwa ndoo hii, shamba zima, mpaka mgongo ukanikataa. Minazi yako ilikula. Mbona hukuuliza?

Ghalib akatazama ndani ya kikombe chake, na hamkuwa na kitu.

— Haya, mi natangulia, — alisema Sihaba, akainama kuichukua ndoo. Kombo akamuwahi.

Ghalib akakohoa.

— Costantine, washa. Pita popote.

Pawatila ikanguruma. Redio Mbao akafungua mdomo atoe methali, akamwona Sihaba anavyotembea, akaufunga.