Cosima Turrisi, Aliyewashushia Watu Noti

Cosima Turrisi alizaliwa hapa Casalmurgia tarehe 26 Septemba 1944, siku ya watakatifu Kosma na Damiano, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa Oronzo Turrisi, kinyozi wa pale uwanjani, na mkewe Grazia. Vinyozi wa enzi hizo walinyoa asubuhi na kufundisha muziki mchana, hivyo Cosima alizijua noti kabla ya herufi.

Alisoma kwa masista hadi darasa la tano, mwaka 1955. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anapiga klarineti kuwashinda kaka zake wote wawili, akaenda kuomba nafasi katika bendi ya mji. Mwenyekiti wa siku hizo akacheka.

"Msichana na kofia ya bendi? Hizo nywele utaziweka wapi?"

"Niazime hicho kipara chako," Cosima akamjibu.

Nafasi hakupata. Wakampa kazi ya kunakili karatasi za wapigaji, wakidhani wamemnyamazisha. Kumbe walimkabidhi bendi nzima.

Kwa miaka arobaini na mmoja alishona makoti katika karakana moja ya mji wa Martina Franca, na jioni akanakili muziki kwa kalamu ya wino. Tarehe 15 Aprili 1967 alifunga ndoa na Donato Caramia, mpiga flikorno, tarumbeta ile nene yenye sauti laini ambayo ndiyo hubeba wimbo. Wakajaliwa watoto wawili, Rosalba na Vito.

Mwaka 2003 Rosalba alimletea kompyuta yenye programu ya kuandikia muziki. Wanabendi hawajasahau mazoezi ya kwanza ya karatasi zake mpya. Kila aina ya chombo huandikiwa kwa ufunguo wake, ndipo sauti zikutane. Programu ile ina kitufe cha kuonyesha noti zote jinsi zinavyosikika. Cosima alikiwasha ili asome vizuri, akasahau kukizima, akachapisha. Bendi ilipoanza, klarineti zilikwenda kwao na honi zikaenda kwao. Mimmo wa ngoma akapaza sauti, "Mama Cosima, mimi tu ndiye niko sawa!" Cosima alicheka hadi akakaa chini, kisha akakusanya karatasi zote. "Kompyuta imefanya nilichoiambia," alisema. "Nilichoiambia ndicho upuuzi."

Mwaka 2014 Donato aling'olewa meno matatu ya mbele. Mpiga tarumbeta bila meno ni kama fundi bila nyundo, na tuni yetu ya maandamano ya Ijumaa Kuu inapanda juu sana. Donato aliirudisha flikorno kwenye kasha lake.

"Niache, Cosima. Meno yamekwenda, na mimi nimekwenda."

"Meno yamekwenda, wewe bado uko hapa unanisumbua. Hebu puliza, nisikie unaishia wapi."

Akapuliza. Pale pumzi ilipokwama, Cosima aliweka alama, akaishusha tuni nzima toni moja na nusu, kutoka ufunguo wa fa ndogo hadi wa re ndogo. Kompyuta ilihamisha noti kwa dakika moja. Yeye alitumia wiki tatu kuzirekebisha, kwa sababu tuba, zenye sauti nzito kuliko zote, zilizama mno, na mashine haijui nani ana pumzi na nani hana. Ijumaa Kuu ya 2015 Donato aliandamana, na wazee wengine wanne waliokuwa wamekwisha kukata tamaa wakaandamana pia.

Maradhi ya kongosho ya Cosima yaligunduliwa Oktoba 2022, huko Bari. Januari mwaka huu, Cosima akiwa kitandani, maestro wetu Fulvio Antonucci, kiongozi wa bendi, alitangaza kwamba tuni itarudi kwenye ufunguo wake wa asili, na wale wazee watano watapumzishwa na kupewa ngao za shukrani. Alikuja mwenyewe kumweleza.

"Mama, kazi ya mtunzi haishushwi kama bei ya samaki."

"Mtunzi amekufa, hana wa kumfukuza," Cosima alisema. "Hawa bado wako hai, mwanangu. Ngao zako kaning'inize kwako."

Maestro alipoondoka, Cosima aliomba kompyuta iwekwe juu ya sinia la chakula. Alizishusha tuni zote sitini na moja za kabati la bendi. Uchungu ulikuwa mkali na hakuuficha. Alilia, alitukana, akaendelea. Ya mwisho aliimaliza tarehe 2 Machi. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane.

Ameacha mume, Donato, watoto, Rosalba anayesoma haya na Vito, wajukuu watatu, dada yake Annunziata, na bendi ya watu thelathini na sita, ambao jana walipiga kura juu ya ufunguo bila kuitwa na mtu yeyote.

Leo, tangu mlango wa kanisa hadi makaburini, tunapiga kwa re ndogo. Karatasi zimeshabanwa kwenye vyombo. Maestro, yako ipo pia. Ukitaka kuongoza, karibu. Usipotaka, njia ni pana, tembea nasi.

Mungu ampe Mama raha aliyoitolea jasho. Baba, anza.