Bertila Rwegasira, Fundi Ambaye Sare ya Msiba Wake Ilishonwa Kiwandani

Kamati ya msiba iliniomba wasifu wa ukurasa mmoja, wenye staha, usiozidi dakika tano. Staha mtaipata. Kuhusu dakika, atakayechoka kusimama akae. Mimi ni Vicent, kitinda mimba wa kwetu, nimetoka Houston, na kwa desturi yetu ndugu ndiye anayesoma. Nilikubali kwa sharti kwamba asiwepo wa kunihariri.

Marehemu Bertila Kokushubira Rwegasira alizaliwa tarehe 22 Novemba 1974 katika kijiji cha Kanyigo, Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Kagera. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Laurian Rwegasira, katekista, na Ma Adventina, ambaye yu hai na anatusikiliza kwa simu. Akiwa na miaka tisa alilikata koti la Jumapili la baba, akashona sketi mbili za shule, yake na ya dada yetu. Baba aligundua asubuhi ya Jumapili, kengele ikiwa imeshagongwa. Alitafuta fimbo, kisha akazichukua zile sketi, akageuza pindo na kulitazama kwa ndani. Siku ile aliongoza ibada akiwa na shati tupu, na wiki iliyofuata aliuza magunia mawili ya kahawa akamnunulia mwanawe cherehani ya mkono. Mzee yule hakusoma sana, lakini alijua kwamba fundi akitokea nyumbani kwako, wewe ndiye wa kwanza kumpa kazi. Sisi wanawe tuliopanda ndege tulilisahau somo hilo.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, wala hakulia. Mwaka 1989 alijiunga na chuo cha ufundi cha masista mjini Bukoba, akamaliza mwaka 1991 akiwa wa kwanza darasani. Cheti chake kimetundikwa dukani kwake Garland, kando ya Dallas, mpaka leo. Wengi wenu mmesimama chini ya cheti hicho mkimwambia kwamba mnamjua mtu anayeshona kwa nusu ya bei yake.

Mwaka 1993 alihamia Dar es Salaam, akawa anashona kwenye kibaraza Kariakoo. Hapo ndipo alipofika Severin Kaijage kupunguziwa suruali. Suruali hiyo ilirudishwa mara nne, mara ndefu, mara fupi, mpaka dada akamwuliza kama shida yake ni miguu au ni maneno. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 27 Juni 1998, na gauni la bibi harusi alilishona bibi harusi mwenyewe. Mungu aliwajalia Angel mwaka 2000 na Deo mwaka 2004. Oktoba 2007, baada ya kupata viza ya bahati nasibu, familia ilifika Dallas.

Walipanga mtaa wa Vickery Meadow, ghorofa ya pili, Severin akiendesha teksi na dada akishona chumbani. Wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walipanda ngazi zile na vitenge vyao kwapani. Tarehe 5 Mei 2012 alifungua duka Garland. Kufikia mwaka 2019 alikuwa na cherehani sita na mafundi watano, wote wanawake. Wa kwanza kuajiriwa alikuwa Matumaini Bisimwa wa Uvira, Kongo, aliyefika nchi hii hajui Kiingereza ila anajua kutarizi.

Niseme jambo moja la uchumi, maana kamati ina wahasibu watatu na hakuna aliyeliona. Gauni likitoka kwa Bertila, kitambaa chake kilikuwa kimenunuliwa kwa Mama Jepchirchir, Mkenya aliyeuza vitenge mtaa wa pili. Mshono wake ulimlipia Matumaini kodi ya nyumba. Mafundi walikula wali wa Bimdogo, Mzanzibari aliyepikia jirani, naye Bimdogo kanzu za wanawe alizishonesha kwa Bertila. Hela ile ile ilizunguka kwetu, ikalisha nyumba tatu au nne, ndipo ikatoka kwenda kwa mwenye jengo. Haikuhitaji semina wala mgeni rasmi. Ilihitaji mtu aende Garland apimwe nguo.

Waliolielewa hilo kuliko sisi walikuwa Wamarekani weusi. Bibi Earline, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la Oak Cliff, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, alileta oda ya majoho arobaini mwaka 2014 na hakuhama tena. Kanisani kwao walikuwa na kanuni: kabla hujanunua kitu, uliza kwanza kama yupo mweusi anayekitengeneza. Dada, kwa mazoea ya kwetu, alimpunguzia bei kabla hata hajaombwa. Bibi Earline alikataa. Alimwambia taratibu kwamba angetaka rahisi, njia ya kwenda kwenye rahisi anaijua. Akalipa yote.

Sisi je? Sisi tulitaka bei ya undugu. Kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Marekani, tulisambaza mabango kwenye WhatsApp, tuunge mkono biashara za watu weusi, tukayapamba kwa mioyo na ngumi. Machi ikifika tulikwenda dukani kuomba punguzo. Mwaka ule wa 2019 dada aliandika bei zake kwenye kibao, na chini akaongeza: Undugu tunao, bei ni hii. Haikupita wiki watu wakasema Bertila siku hizi amekuwa Mzungu. Alikishusha kibao, akakificha nyuma ya kioo cha kujaribia nguo. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyowaambia watoto. Yeye alicheza kwao, akaombwa apunguze kiingilio.

Sasa nafika pale ambapo kamati ingependa niparuke. Mwaka 2022 jumuiya yetu ya Afrika Mashariki hapa Marekani ilijiandaa kwa mkutano mkuu wa Houston, na dada aliombwa sampuli ya sare. Alishona mbili, ya kike na ya kiume, bure, akawaambia mafundi wasichukue likizo kwa kuwa kazi kubwa inakuja. Sampuli zikapigwa picha. Picha zikatumwa kwenye kiwanda cha ng'ambo, na sare mia mbili na arobaini zikaletwa kwenye maboksi. Tulikuwa tumeokoa dola kumi na moja kwa kila sare. Aliyepiga picha zile ni mimi. Nilikuwa katibu, na nilimwambia dada kwamba nataka tu wajumbe waone mshono.

Jumamosi tarehe 3 Septemba 2022, pale Houston, makwapa yalianza kufumuka hata kabla ya sala ya ufunguzi. Mwenyekiti wetu, Bwana Onyancha, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba tuna bahati, fundi yupo ukumbini. Dada aliingia kwenye chumba cha kuwekea makoti na sindano ya mkono, akawashonea makwapa watu waliomnyima kazi. Hakula, hakucheza, hakulipwa. Nilimpelekea soda. Aliniuliza neno moja tu.

"Vicent, zile picha ulipiga za nini?"

Nikamwambia anywe soda, isije ikapata joto. Hilo ndilo jibu nililompa dada yangu, na hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Kufikia Desemba mafundi watatu waliachishwa, wakaenda kupakia mizigo kwenye maghala ya Mesquite. Februari iliyofuata Mama Jepchirchir alifunga duka la vitenge. Bimdogo aliacha kupika, maana wa kumpikia hawakuwepo. Mkumbuke, yalikuwa ni mambo ya dola kumi na moja.

Machi 2023 dada mwenyewe aliingia ghalani. Ilikuwa kazi ya kibarua kupitia wakala, haina bima, zamu inaanza saa kumi alfajiri. Mchana alikwenda dukani, ili kodi ya duka isimshinde. Shinikizo la damu lilipomwanza aliandikiwa vidonge vya mwezi mmoja, akavikata katikati vikawa vya miezi miwili. Angel, anayesomea uuguzi, alikivumbua kisu kidogo kwenye kopo la dawa, akalia.

"Mama, please, just close the shop. Mwili wako umechoka."

"Nikifunga, Matumaini naye nimpeleke ghalani?" alijibu marehemu, akaendelea kutia uzi.

Ijumaa tarehe 28 Februari 2025 alianguka dukani, futi ikiwa shingoni. Kilikuwa kiharusi. Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi, saa tisa alasiri, katika hospitali moja ya Dallas, Severin akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini. Kabla jua halijazama, watu mia tatu walikuwa wameandika kwenye kundi kwamba ameacha pengo lisilozibika. Pengo hilo tulilichimba sisi, kila mtu na jembe lake, na la kwangu lilikuwa simu yenye kamera nzuri.

Mngedhani tungeishia hapo. Alhamisi Matumaini alinipigia.

"Papa Vicent, nguo za kilio ya Mama wanashona wapi? Siye tuko hapa na mashini, tunaikala tu."

Kamati ilikuwa imeshaagiza. Fulana mia mbili zenye picha ya marehemu, dola tisa kila moja, kutoka kiwanda kile kile. Zilifika juzi. Mmezivaa. Jitazameni. Tumekuja kumzika fundi tukiwa na nguo ambazo hakuna fundi hata mmoja wa kwetu aliyezigusa. Ya Bwana Onyancha imeshaanza kufumuka kwapani, naiona kutoka hapa, na leo wa kuishona hayupo.

Nina hasira, ndugu zangu, na sitaomba radhi kwa hilo. Hasira yenyewe inaanzia kwangu.

Marehemu ameacha mume, Severin, watoto wawili, Angel na Deo, mama mzazi, Ma Adventina, ndugu wanne, mafundi wawili, Matumaini na Tasnim, na cherehani tatu nzima. Ameacha pia duka ambalo mkataba wake unakwisha tarehe 30 Aprili, na mwenye jengo anataka jibu tarehe 15 ya mwezi huo huo. Severin na watoto wanataka liendelee mikononi mwa Matumaini. Kazi isipopatikana litafungwa, naye Matumaini atakwenda Mesquite kupakia mizigo, jambo ambalo dada alikataa mpaka likamuua.

Kwa hiyo rambirambi, asanteni, zinatosha. Arobaini itafanyika Jumamosi tarehe 12 Aprili, na sare ya arobaini itashonwa Garland. Bibi Earline ameshalipia ishirini na mbili za kwaya yake, na hata desturi hii si yao. Kibao kimetolewa nyuma ya kioo, kimerudi ukutani na bei zake zote. Matumaini yuko pale getini na futi. Mimi nilipimwa asubuhi, kifua inchi arobaini na nne, nikalipa bei ya kibao, na sikuweza kumtazama usoni.

Kila mmoja apite kwake kabla ya kupanda gari. Asiyetaka kupimwa ana haki yake, hatashikwa shati. Ila kabla hajaondoka aivue hiyo fulana yenye uso wa dada yangu, aikunje vizuri, aiache hapa.

Fundi wetu apumzike kwa amani. Foleni inaanzia getini.