Mrusi Ambaye Hajafika Urusi

Umeme ukikatwa Turffontein, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, wa kwanza kufaidika ni Kidawa. Cherehani za Pitchou zinanyamaza, saluni ya jirani inafunga mlango, na kila aliyekuwa na kazi anajikuta kwenye benchi lililo nje ya duka la Pitchou, mahali ambapo Kidawa wa Tanga ameweka jiko lake la gesi na birika la kahawa ya tangawizi. Alasiri hiyo ya Machi 2019 mgao ulianza mapema, na benchi likapata wenyewe. Kulikuwa na Pitchou, fundi nguo wa kutoka Lubumbashi, ambaye kijiwe kinamwita Ministre kwa sababu hakuna sherehe ya Wakongo inayofanyika bila yeye kushika maiki. Kulikuwa na Tumu wa Kigoma, muuza spea za magari, anayeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Na kulikuwa na Mzee Melchior, Mrundi, anayetandika mabomba ya kumwagilia bustani za wenye nyumba kubwa. Huyu wanamwita Mrusi. Jina hilo alipachikwa siku aliyoteleza ulimi akasema alisomea Umoja wa Kisovieti, na alasiri hiyo alikuja kijiweni na nia moja tu, ya kulitua. Jumamosi binti yake Carmel alikuwa anaolewa, na mshika maiki alikuwa Pitchou.

— Ministre, nina ombi, Melchior alianza, kikombe mkononi. Jumamosi naomba uniite Melchior.

— Nani amesema sitakuita? Pitchou alijibu. Nitasema: bamama na bapapa, mupigie makofi papa wa bibi-arusi, Mrusi wetu, Melchior.

— Hilo la katikati ndilo nataka litoke.

— Alors likitoka, kunabaki nini? Melchior tupu? Watu wataniuliza huyo ni nani.

Melchior hakucheka. Aliwaza wakwe zake wapya, watu wa Bukavu, watakavyokaa viti vya mbele na kulisikia jina hilo kwenye spika. Watu wakishasikia jina ukumbini hawalisahau. Wajukuu zake wangekuja kuitwa wajukuu wa Mrusi, na yeye Urusi yenyewe hajalala huko hata usiku mmoja.

— Mimi Urusi sijafika, alisema. Nilibadilisha ndege Moscow, basi.

— Mzee, unasoma kwa Warusi miaka yote ile halafu hujafika Urusi? Tumu aliuliza. Hiyo fiksi.

— Nilikuwa Tashkent. Uzbekistani.

— Si ndiyo hiyo hiyo? Zamani yote ilikuwa Urusi.

— Redio, wewe ukivuka pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, madereva wa taksi wanakuitaje?

— Mkongo.

— Unajisikiaje?

— Nawatukana kimoyomoyo.

— Basi na mimi nawatukana ninyi kimoyomoyo, tangu mwaka niliohamia hapa.

Kidawa alicheka mpaka akamwaga kahawa kidogo kwenye jiko.

— Haya, Ministre, mpe nafasi Baba Carmel, alisema. Mtu hawezi kwenda kuozesha mtoto na jina la kubandikwa.

Pitchou alijikuna kidevu kwa madaha ya mtu anayefikiria kubadilisha katiba.

— Bon. Tushawishi. Birika ya Kidawa ikikauka kabla hatujakubali, unabaki Mrusi mpaka kaburini. Tukikubali, Jumamosi nasema Melchior, na jina la Mrusi nalizika mimi mwenyewe.

Hapo ndipo alipofika Marthe, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha buluu, akiulizia gauni lake. Pitchou alimwambia gauni limebakiza upindo tu, lakini mashine haziwezi kushona bila umeme, na akamsogezea kiti cha dukani. Kisha akamnong'oneza Melchior kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara waliisikia:

— Huyu ni tante, shangazi wa bwana-arusi.

Melchior alikaa wima. Sasa alikuwa anatetea jina lake mbele ya ukweni.

— Sikilizeni, alisema. Nilisomea umwagiliaji. Kiangazi kimoja chuo kilitutuma mbali na Tashkent, kwenye mji wa wavuvi kando ya Bahari ya Arali, kufanya mazoezi ya kazi. Na kule hata Wauzbeki si wenyeji. Wenyeji ni Wakarakalpaki.

— Waka nini? Tumu aliuliza.

— Kara ni nyeusi, kalpaki ni kofia. Watu wa kofia nyeusi. Wana lugha yao, wana hadithi zao za mashujaa wanazoimba usiku kucha. Ukiwaita Warusi unawakosea mara mbili, maana hata kuitwa Wauzbeki hawapendi.

— Njo vile, Pitchou alisema. Jumamosi tutakuita Kofia Nyeusi.

— Nina jina tayari.

— Tunajaribu kukusaidia, Papa Carmel.

— Huko kwenye bahari walikuwa wanavua samaki gani? Kidawa aliuliza. Samaki ni mambo ya kwao, na alitaka kujua kwa dhati.

— Hakuna. Bahari ilikuwa imeondoka.

— Imeondokaje? Tumu alidakia. Ilipanda basi?

— Mito miwili iliyokuwa inailisha waliigeuza ikamwagilie pamba. Bahari ikarudi nyuma, ikarudi nyuma, mji ukabaki mahali pake. Unasimama bandarini unaangalia mchanga mpaka macho yanauma.

Tumu alitikisa kichwa kwa huruma.

— Mzee, walikudanganya ukiwa kijana. Maji hayaishi kwa pamba. Mimi naona walichimba bomba chini kwa chini mpaka Moscow, wakawa wanapoozea mabomu ya nyuklia. Ndiyo maana kule baridi haiishi.

— Non, non, Pitchou alisema. Redio, unafikiri kidogo sana. Waliifunika. Walichukua mchanga wakaimwagia bahari juu, ili Wamarekani wakipiga picha kwa satelaiti waone jangwa. Chini, meli za vita zinazunguka vile zinataka.

— Ninyi wote hamjui, Kidawa alisema, akimwongezea Pitchou kahawa. Hao watu nasikia wanakunywa chai asubuhi mpaka usiku. Nchi kubwa vile, kila mtu na sufuria yake motoni. Bahari gani itastahimili?

— Walitaka kugeuza hata mito ya Siberia ije kuijaza, Melchior alisema. Hilo ni kweli, walikuwa na mpango kabisa. Haukufika popote.

— Umeona? Tumu alisema. Bomba.

Melchior alivuta pumzi. Birika lilikuwa linazidi kuinama kila Kidawa alipomimina. Akaona bora awape ushahidi ambao mtu hawezi kuutunga.

— Kulikuwa na kiwanda cha samaki wa makopo pale mjini. Bahari ilipoondoka hawakukifunga, watu wangekosa kazi. Basi wakawa wanaleta samaki wa barafu kwa treni kutoka bahari za mbali, Baltiki, hata Pasifiki. Wanashushwa, wanatiwa kwenye makopo, wanaondoka.

Tumu alishusha kikombe chake.

— Samaki, Tumu alisema taratibu, walipanda treni. Kwenda baharini.

— Ndiyo.

— Eish. Mzee, hapo umejimaliza.

Pitchou alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti, mabega yanatikisika. Hata Marthe aliziba mdomo kwa upande wa kitenge. Melchior aliona wazi kwamba kati ya uongo wa Redio na ukweli wake yeye, uongo ndio uliokuwa na akili zaidi, na jambo hilo lilimuuma. Akaacha habari za bahari.

— Nilikaa kwa mama mmoja mzee, alisema. Kiangazi chote. Alikuwa anaoka mkate kwenye tanuri la udongo uani, ananipa na chai ya maziwa. Chai ilikuwa na chumvi, maana kisima chenyewe kilikuwa cha chumvi, na mimi nilikuwa naimeza naangalia pembeni asione uso wangu. Mume wake alikuwa nahodha. Mashua yake ilikuwa imelala mchangani. Kila Jumapili yule mzee alichukua kopo la rangi akaenda kuipaka, ili bahari ikirudi iikute tayari.

Kidawa alipunguza moto wa jiko, na Melchior akaendelea.

— Vijana wa mtaa walikuwa wananiita Afrika. Afrika, njoo. Afrika, chukua hiki. Yule mama akawatokea na ufagio. Akawaambia, ana jina. Alikuwa amelijifunza akiwa kwenye tanuri, anarudia peke yake, Melshi, Melshiyo, mpaka likamkaa mdomoni. Mtu wa kwanza kuniita vizuri tangu nitoke kwetu Gitega alikuwa yule. Sasa ninyi mnaniambia wale ni Warusi.

Pitchou aliinua uso. Alikohoa, akaweka kikombe chini.

— Bon. Mimi ninakubali. Redio?

— Treni bado inanisumbua, Tumu alisema. Ila huyo mama simpingi. Nakubali.

— Kahawa ipo? Pitchou alimuuliza Kidawa.

— Ya kikombe kimoja.

— Basi ameshinda ndani ya muda. Jumamosi ni Melchior.

Melchior alihisi kifua kinafunguka. Alifurahi waziwazi, akamgeukia Marthe amwonyeshe kwamba kijiwe kina utani lakini kina heshima pia. Marthe alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, ametekwa na hadithi.

— Papa Carmel, alisema, minaomba kuuliza. Ule mama, jina yake njo nani?

— Babushka, Melchior alijibu upesi.

— Jina muzuri. Ni ya bale bantu ba kofia?

Melchior alizungusha kikombe mkononi.

— Hapana. Maana yake ni bibi.

— Kwa luga yabo?

Basi lilipita barabarani, na Melchior alitamani lisimalize kupita.

— Kwa Kirusi, alisema.

Kicheko kilimtoka Tumu nusu, Kidawa akamtazama, nusu ya pili ikabaki ndani.

Melchior hakuwaona. Alikuwa amerudi kwenye ule ua, anatafuta. Jirani alikuwa akimwita yule mama kwa juu ya ukuta kila jioni, aje waazimane kitu, na sauti ya jirani aliisikia hata sasa, inavyopanda na kushuka. Jina lilikuwamo ndani ya sauti hiyo na halikutaka kutoka. Chuoni walimfundisha Kirusi, mama alikielewa, mambo yakaenda. Aliona aibu kubwa, aibu ya mtu mzima ambayo haina wa kuombwa msamaha. Mtu aliyelirudia jina lake mbele ya moto mpaka likakaa, yeye hakumwuliza la kwake.

— Hilo halihesabiki, Pitchou alisema kwa upole. Tulishakubaliana. Melchior.

— Sema Mrusi.

— Papa Carmel, tulikuwa tunakutania tu. Tante yupo hapa, atakuwa shahidi, nitasema Melchior na ukumbi mzima utasimama.

— Najua. Sema Mrusi tu.

— Lakini kwa nini?

Kidawa alimimina kile kikombe cha mwisho na kumpa, na Melchior akakishika bila kunywa.

— Yule mama nilimwita kwa lugha ya watu wengine kiangazi kizima, alisema, na kila siku aliitika, akaniletea chai. Na mimi Jumamosi nitaitika.