Kijiti cha Waridi Kwenye Kopo

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kunyolea, pale jua la asubuhi linapopita kabla halijawa kali. Wa kudumu tuko wanne: mimi Kinyozi, Breki, dereva mstaafu ambaye hajawahi kukubali kosa, Kamusi, fundi cherehani mwenye neno kwa kila jambo, na Mzee Majira, fundi saa, ambaye siku hizi huja amekumbatia kopo la maziwa lenye udongo na kijiti kimoja cha waridi. Waridi lenyewe lilikuwa la marehemu mkewe. Wachimba mtaro wa maji waling'oa shina lote, Majira akaokoa vijiti vitatu, viwili vikakauka. Sasa binti yake anaolewa, na hakuomba kabati wala godoro. Ameomba waridi la mama yake akalipande kwake. Majira hana usingizi, na sisi rafiki zake hatujui kunyamaza.

Muuza kahawa akamimina. Majira, kama kawaida ya kila asubuhi, akakichomoa kijiti tukitazame.

Majira: Bado. Hakuna hata unywele wa mzizi.

Breki: Udongo huo! Waridi halishiki kwenye udongo wa nyumba yenye ugomvi. Umeuchota wapi?

Majira: Kwangu. Nigombane na nani, naishi peke yangu?

Breki: Ndiyo hapo sasa! Nyumba haina hata wa kugombana naye, udongo utapata wapi nguvu?

Kamusi: Achana na huyo. Chomeka kijiti kwenye kiazi, kiazi ukifukie. Mteja wangu mmoja anafanya hivyo.

Mimi: Na kikiota kiazi?

Kamusi: Atakula huku akingoja maua. Mvumilivu hula mbivu.

Breki: Wapi! Hicho kijiti kilikatwa kikiwa na hofu. Sululu zinalia, watu wanapiga kelele, mti ukashtuka. Nilikuwa na gari la namna hiyo. Liligongwa mara moja tu, halikuwaka tena siku za mvua.

Mimi: Liligongwa au liligonga?

Breki: Tunazungumzia maua hapa.

Kamusi: Basi niwaambie kweli yenyewe. Kijiti kinaona haya. Ua la mwanamke hili, kila siku linakodolewa macho na midevu minne!

Majira: Kwa hiyo nisikichomoe?

Kamusi: La hasha! Mficha uchi hazai. Kikijificha udongoni kitazaaje mizizi? Lazima tukione.

Hoja ikatuingia. Kijiti kikapita mkono kwa mkono. Breki akakipuliza vumbi, Kamusi akakinusa, nami nikakikwaruza gome kwa ukucha. Ndani kilikuwa bado kibichi. Majira akakipokea tena kwa vidole vinavyoshika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, akakigeuza kutafuta mzizi.

Hapo akaja mama mmoja, mgeni mtaani, na saa yake iliyokatika mkanda.

Mama: Shikamoo, mzee. Naona mnapanda waridi.

Majira: Marahaba, mwanangu. Limepandwa zamani. Tunaangalia kama limetoa mizizi.

Mama: Mnaangalia kila siku?

Breki: Kila siku! Hatujakosa hata moja!

Mama: Sasa litashika udongo saa ngapi?

Roho iliniuma, maana ukucha ule ulikuwa wangu.

Majira akatoboa shimo kwa kidole, akakirudisha kijiti polepole, akaukandamiza udongo pembeni.

— Nisamehe, mama watoto, akaliambia kopo. Nilikuwa na hamu tu.



Asubuhi iliyofuata kopo lilikuwa mwisho wa benchi, kivulini. Breki akashindwa kujizuia, akanyoosha mkono.

— We! akafoka Majira. Rudisha mkono huo!

Mwenyewe alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, na kahawa ilipokuja, ilibidi mimi nimnyweshe.