Chungu cha Mtwa, Kikombe cha Elkana

— Dola mia nne tugawane kwa nne, sisi watatu na mfuko wa chama, mambo kwisha! Kuria alipiga kiganja kwenye benchi, vikombe vikaruka.

— Kagawe mshahara wako! Elkana alimkata. Chungu ulifinyanga wewe?

Ilikuwa Jumapili ya vuli, 2014, nje ya duka la dobi, Parkdale, Toronto. Elkana, mtu wa Kigoma, mwepesi wa hasira na asiyejua kupindisha maneno, ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama chao cha wahamiaji na mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Jana yake, kwenye maonyesho ya chama, chungu cha Anastasia, mfinyanzi wao, kilijazwa juisi ya ndizi, watu wakakizunguka na mirija mirefu, na hata wale watoto wanaowajibu wazazi wao kwa Kiingereza wakaimba naye mpaka ukumbi ukatetemeka. Makumbusho ya mtaa yakakinunua papo hapo. Pesa zilikuwa mfukoni mwa Elkana, zinamchoma. Ilibaki kupeleka makumbusho maneno ya kuandikwa kwenye kibao cha chungu.

— Andika "Chungu cha Afrika," alisema Bonaventure wa kisiwa cha Idjwi, Kongo, waliyemwita Papaa. Watwa, Wahavu, kutaja makabila ya nini? Udongo wa kwetu ni mmoja, volkeno ilishatuchanganya.

— Udongo wa kwenu gani, buda? alicheka Kuria, ambaye kwa kutaja sheria kila saa walimwita Katiba. Ulinunuliwa hapa hapa Toronto. Kisheria chungu hicho ni Mkanada. Mwakani kinapiga kura!

— Basi mimi nilikinywea wa kwanza, alisema Papaa. Mnywaji ndiye mwenyewe.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Katiba. Mia mia kila mtu, mia ya chama, tuondoke.

— Na Anastasia je? Elkana alifoka.

— Asiyekuwepo na lake halipo.

— Nipo, ilisema sauti nyuma ya Katiba.

Anastasia alikuwa na koti zito, udongo bado kwenye kucha. Hakusalimia.

— Papaa, kule Idjwi vyungu mlinunua kwa nani?

— Kwa Watwa, mama. Bibi yangu alikuwa akitoa kapu la maharage.

— Mkikaa kunywa, chungu kimoja, mirija kibao. Mama yangu, Mtwa aliyekifinyanga, mlimpa mrija upi?

— Hakuna, mama. Kwetu Mhavu hakunywa chombo kimoja na Mtwa.

Elkana alikung'uta kikombe chake mwenyewe, akamimina kahawa.

— Sogeeni, nyie! Keti, dada.

Anastasia akaketi katikati. Akanywa nusu, akamnyooshea Bonaventure kikombe.

— Maliza.

Papaa alikitazama kikombe kama mtu anayetazama maji ya baridi kabla ya kujitosa. Kisha akakiinua, akakimaliza hadi machicha.

Anastasia aliangua kicheko, wapita njia wakageuka.

— Haya. Kibao kiseme: Anastasia, Mtwa wa Idjwi.

— Naandika leo leo, alisema Elkana.

— Na dola zangu mia nne. Zote. Sasa hivi.