Shangazi Mkato na Amri Zake za Mwisho

Wasomaji wa jarida letu, mniwie radhi kwa kimya kirefu. Niliapa kutoandika tena humu mpaka wapiga chapa wajue mahali pa kuweka mkato. Leo nalazimika: tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuandika programu za kompyuta, Shangazi Mkato anastaafu.

Mkato wake si alama ya uandishi, ni njia za mkato. Orodha yetu ya jumla, yaani kile chombo cha programu kinachobeba chochote, wagonjwa au viti, bila kuuliza, ilikuwa na amri chache zilizotosha. Kumpata aliye mwisho, ulihesabu waliomo, ukapunguza mmoja, kwa kuwa kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Vijana wa programu walisahau kupunguza, programu ikaanguka. Shangazi akachoka, akaongeza amri fupi: chaMwisho. Mimi, mhariri wa lugha, sikuulizwa.

Programu zetu huonyesha jina la amri kwenye skrini kama lilivyo. Basi zahanati moja ikatangaza ukutani: "Mgonjwa chaMwisho." Bibi aliyebaki peke yake kwenye benchi akasimama. "Cha? Kwani mimi kiatu?" Alikataa kuingia kwa daktari mpaka aombwe radhi.

Nilimkalisha Shangazi, nikamfundisha upatanisho wa kisarufi. Alisikiliza kwa adabu. Kesho yake orodha ilikuwa na waMwisho, chaMwisho, laMwisho, yaMwisho, kwaMwisho, hata paMwisho, ambayo hadi leo hakuna programu iliyoihitaji. Na zote zinafanya kazi ileile! Mkuu wa vijana alilalamika: "Shangazi, orodha haina ngeli!" Akajibu bila kuinua macho: "Bibi anayo."

Sasa vijana wanataka kuzifuta akiondoka, ibaki moja tu. Kura zimelingana, iliyosalia ni yangu. Amri hizo nimezipinga miaka yote, na bado nasema ni utitiri. Lakini juzi Shangazi alipita mezani kwangu na sanduku la vitu vyake. Hakubembeleza. "Mwalimu," alisema, "usimwache bibi mlangoni."

Shangazi, tunakushukuru kwa kazi yako, na kwa ukaidi wako pia. Kapumzike kwa afya na amani. Wewe ni mtu wa pekee, wala si cha pekee. Kura ikishapigwa, nitakuandikia. Ila habari za paMwisho usiniulize: hiyo naifuta kwa mkono wangu mwenyewe.